Sekunde 9 za ukimya: bunduki za Marekani na mkono wa edita

Kwenye kazi ya video kuna kitu tunakiita sauti ya chumba, na kama hujawahi kushika kamera hukijui japo umeshakisikia mara elfu. Kabla ya mahojiano kuanza, au yakishaisha, jamaa wa sauti anawaomba watu wote wanyamaze, kiti kisilie, mtu asikohoe, alafu anarekodi ukimya wa hicho chumba kama nusu dakika hivi. Maana ukimya nao una aina zake, sebule yenye feni ina ukimya wake na ofisi yenye AC ina wake, sasa edita akija kukata maneno katikati anabaki na shimo, lile shimo analiziba na ukimya wa chumba hichohicho ili sikio la mtazamaji lisishtuke. Mi naediti video za harusi na sendofu hapa Dar, mwaka wa kumi huu, nina folda nzima kwenye kompyuta imejaa ukimya wa kumbi za harusi, mke wangu akiiona anacheka tu.

Kwahiyo niliposikia kuna watu Marekani wameenda mahakamani kwa sababu ya sekunde 9 za ukimya, niliacha kazi nikafuatilia.

Iko hivi. Mwaka 2016 ilitoka dokumentari inaitwa Under the Gun, mwongozaji Stephanie Soechtig, na anayehoji watu ni Katie Couric, mtangazaji mkubwa kule, sura ya kwenye runinga miaka mingi. Filamu inataka sheria za bunduki zikazwe, na haifichi hilo. Kuna sehemu Couric kakaa na wanachama wa kikundi cha kutetea wenye bunduki cha jimbo la Virginia, anawauliza, kama mnunuzi hakaguliwi historia yake, mtamzuiaje mhalifu au gaidi asinunue bunduki? Baada ya hapo kimya. Kamera inapita kwenye nyuso, huyu kaangalia chini, yule kaangalia pembeni, hakuna anayefungua mdomo, kama sekunde 9 hivi. Hebu hesabu taratibu moja mpaka tisa ndo utaelewa, kwenye filamu huo ni mwaka mzima. Mtu aliyekaa nyumbani na popkoni zake anaondoka na kitu kimoja, hawa watu hawana jibu.

Kumbe walijibu, tena palepale! Kiongozi wao alikuwa na kinasa sauti chake, akaja kuiachia ile sauti hadharani, na ndani yake majibu yanaanza swali linapoisha na yanaendelea dakika kadhaa. Sasa zile nyuso za kimya zilitoka wapi? Wenyewe kwenye malalamiko yao walisema ni pale walipoombwa wakae kimya kwa ajili ya kuweka sauti sawa. Yani sauti ya chumba. Niliposoma hapo niliiangalia ile folda yangu kwa jicho lingine kabisa.

Couric aliomba radhi hadharani. Mwongozaji alisema nia yake ilikuwa kumpa mtazamaji nafasi ya kulitafakari swali, sio kumdhalilisha mtu. Wenye kikundi wakadai dola milioni 12, mahakama ikaitupa kesi mwaka 2017, na rufaa nayo ikagonga mwamba 2018, kwa ufupi majaji waliona kuonyeshwa umekosa jibu la swali gumu sio kuchafuliwa jina. Sawa, sheria ni sheria. Ila mi kinachoniuma ni kwamba hilo swali lenyewe upande wa filamu walikuwa wanashinda bila hata kuiba, kura za maoni za Marekani miaka nenda rudi zinaonyesha walio wengi wanakubali ukaguzi wa mnunuzi, mpaka wenye bunduki wenyewe wengi wao. Kura tayari unazo alafu unaenda kujaza nyingine kwenye sanduku usiku!

Sasa mtu atasema si ni ukimya tu, hakuna neno la uongo lililowekwa mdomoni mwa mtu. Ndo maana nataka tuelewane kuhusu mkato, kwa sababu watu wengi wanadhani dokumentari inadanganya kwa maneno, wakati maneno yanaweza kuwa sahihi yote kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mfano wangu mwenyewe, ninaouonea aibu mpaka leo. Harusi moja baba wa bibi harusi alikuwa anatoa nasaha, akapaliwa akakohoa vibaya sana katikati ya sentensi. Nikakata kikohozi. Ukikata, picha inaruka, kwahiyo unatafuta shoti nyingine ya kufunika pale, mtu yeyote kwenye ukumbi anayeonekana anasikiliza. Nikamchukua shangazi wa bwana harusi, kapendeza, mwanga mzuri, yuko karibu. Tatizo shangazi wakati ule alikuwa kakunja uso kwa sababu ni saa tano usiku na pilau bado haijatoka, na mimi sikuwaza, nikaweka. Video ikaenda kwa familia. Baba anasema binti yetu tumemlea kwa maadili, shangazi huyo kwenye skrini kanuna kama kalazimishwa kula shubiri. Aisee simu niliyopigiwa! "Kaka, hii video ulitumwa na nani?" Shangazi alikaa kwenye kikao cha familia akala kiapo kwamba hata ile hotuba hakuisikia, alikuwa anaangalia mlango wa jikoni.

Warusi hili walilijua zamani, kwenye miaka ya 1910 ikielekea 1920 kulikuwa na jamaa anaitwa Lev Kuleshov, inasimuliwa alichukua uso uleule wa mwigizaji akauunganisha na bakuli la supu, mara na jeneza, na watu wakasifia jamaa anavyojua kuigiza njaa, anavyojua kuigiza majonzi, na uso ni uleule haujabadilika hata nukta. Picha mbili zikikaa jirani, mtazamaji anaweka ya tatu mwenyewe kichwani, na hiyo ya tatu hawezi kuikatalia kwa sababu kaizaa yeye.

Baba lao kwenye hii habari ya bunduki ni Michael Moore, mtengeneza dokumentari wa Marekani, na filamu yake Bowling for Columbine ya mwaka 2002. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, Littleton, jimbo la Colorado, waliingia na silaha wakaua wanafunzi 12 na mwalimu 1, kisha wakajiua. Moore akatoka na kofia yake na suruali inayoning'inia akauliza swali ambalo ni zuri sana hata leo, kwanini sisi? Filamu ilipata Oscar mwaka 2003, na kwa dokumentari iliingiza hela za kutisha. Na imechambuliwa mkato kwa mkato kuliko dokumentari yoyote ninayoijua, kuna watu walifanya kazi hiyo kama vile wamelipwa, pengine kweli walilipwa.

Ule mkato unaotajwa zaidi unamhusu Charlton Heston. Sisi wengi huyu mzee tumemjua kama Musa, ile filamu ya Pasaka anayegawa bahari kwa fimbo. Huko kwao alikuwa rais wa NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki. Kwenye filamu unaona watoto wa Columbine wanalia, wamekumbatiana, alafu pap, Heston jukwaani kanyanyua bunduki ya kizamani juu, ananguruma kwamba labda muichukue kwenye mikono yangu nikiwa maiti ya baridi. Baada ya hapo sauti ya Moore inakwambia kwamba siku chache tu baada ya mauaji, Heston alienda Denver, mji jirani na ile shule, kufanya mkutano wa bunduki japo meya alimwomba asije. Kisha Heston tena, anaongea na Denver kwa jeuri.

Mtazamaji anaunganisha, watoto hawajazikwa vizuri mzee kaja kunyanyua bunduki mbele ya wafiwa. Mi mara ya kwanza nilimchukia palepale.

Mkutano wa Denver kweli ulifanyika, tarehe 1 Mei 1999, siku 11 baada ya mauaji, na meya kweli alisema msije. Lakini ile ya kunyanyua bunduki ni Charlotte, North Carolina, mwezi Mei 2000, mwaka mzima baadaye, huko jukwaani walikuwa wamemzawadia ile bunduki. Ukitulia utaona hata shati na tai vinabadilika. Na hotuba ya Denver yenyewe imekatwa vipande, sehemu aliyosema kwamba shughuli nyingine zote za mkutano zimefutwa kwa heshima ya msiba, wakabaki na kikao kilicholazimishwa na sheria, imeondoka, na pale ilipoondoka pamefunikwa na shoti ya watu waliokaa ukumbini. Shangazi wangu na pilau lake kabisa!

Watetezi wa Moore wana hoja pia na sio ndogo. Wanasema kwani Heston hakusema vile? Kasema. Kwani hakwenda Denver? Kaenda. Mawazo yake kwenye filamu ni mawazo yake kweli. Nakubali, ila kama ukweli ulikuwa unatosha, kwanini ukahangaika kusogeza mwaka mzima? Edita hasogezi kitu bure, mimi nakwambia, kusogeza ni kazi, unasogeza kwa sababu kilipokuwa hakikufanyi uhisi unachotakiwa kuhisi.

Mbinu nyingine ya Moore ni yeye mwenyewe. Hasimami nyuma ya kamera, anaingia ndani kama mhusika, mtu wa kawaida kutoka Flint, Michigan, mnene, mpole, anauliza maswali ya kitoto. Tena anakuonyesha kadi yake ya uanachama wa maisha wa NRA ili usiseme huyu mtu wa mjini hajui bunduki. Mwanzoni kabisa anaingia benki moja huko Michigan, anafungua akaunti, anapewa bunduki kama zawadi ya kufungua akaunti, kisha anawauliza wafanyakazi kwa upole hamuoni ni hatari kidogo kugawa bunduki ndani ya benki? Ukumbi mzima unacheka. Ofa ilikuwepo kweli, hilo sio la kutunga. Ila wafanyakazi walikuja kusema ujio ule ulipangwa na watu wa filamu mapema, na kwamba mteja wa kawaida bunduki anaenda kuichukua kwa muuzaji baada ya ukaguzi, sio anaondoka nayo dirishani kama bahasha. Kicheko ndo kilichopitisha mzigo, mtu akiwa anacheka haulizi risiti.

Na katuni nayo. Katikati kuna katuni fupi ya historia ya Marekani, Wazungu waoga wanaogopa kila kitu, wanawapiga Wahindi Wekundu risasi, wanawaogopa watumwa, wanaogopana wenyewe, haraka haraka na sauti ya kuchekesha. Dakika kama tatu karne nne zimepita. Hoja yake, kwamba hofu ya mtu mweusi ndo mafuta ya hii biashara ya bunduki, ni hoja nzito ambayo wasomi wanaandikia vitabu vinene, ila katuni haina mahali pa kuweka neno "lakini". Kuna kituko hapo, kabla tu ya katuni anahojiwa Matt Stone, mmoja wa waliotengeneza South Park, katuni maarufu ya runinga kule, na katuni ya filamu inafanana na mtindo wao, watu wakadhani ni kazi yake. Sio yake. Alikasirika, yeye na mwenzake kwenye filamu yao ya vikaragosi ya 2004 wakamlipua kikaragosi wa Moore na mabomu kiunoni. Hapo tena hakuna aliyesema katuni ni ya Stone, ni picha mbili tu zimekaa jirani.

Twende kwenye takwimu maana hapa ndo watu wanapigwa kirahisi. Kuna sehemu filamu inataja waliouawa kwa bunduki kwa mwaka, nchi baada ya nchi, Ujerumani 381, Ufaransa 255, Kanada 165, Uingereza 68, Australia 65, Japani 39, inasimama kidogo alafu Marekani 11,127. Inavyotajwa ni kama ngoma, ndogo ndogo ndogo alafu tuh! Lakini hizo ni idadi ghafi, Marekani wakati ule ina watu kama milioni 280 na Kanada milioni 31 hivi. Ukiangalia idadi ghafi Marekani inaizidi Kanada mara 67. Ukigawa kwa watu, inaizidi kama mara 7. Kwa Ujerumani ghafi ni mara 29, ukigawa inakuwa mara 8 na kitu. Mara 7 na mara 8 bado ni aibu ya nchi nzima jamani, ukimwambia mtu yeyote mwenye akili kwamba nchi moja mtu ana uwezekano mara saba wa kuuawa kwa bunduki kuliko jirani hapo mpakani, anatosheka. Kilichofanyika ni kuacha namba iliyo sahihi na inayotosha, wakachukua inayopiga kelele. Na adui akija kukagua anaikuta hiyo, anaitupilia mbali na ile ya kweli humohumo.

Nisije nikaonekana nimetumwa na NRA, kwenye filamu hiyohiyo kuna vitu ambavyo kama edita navivulia kofia. Kimoja ni chumba cha kulala. Moore anamhoji mkulima mmoja Michigan, kaka wa mmoja wa waliofungwa kwa bomu lililolipua jengo la serikali Oklahoma City, jamaa anasema analala na bastola chini ya mto. Wanaenda chumbani kuiona, kamera inazuiwa mlangoni. Unabaki unaangalia mlango, unasikia sauti tu, Moore anamwomba asifanye hivyo, na unaambiwa jamaa kaielekeza bastola kichwani kwake mwenyewe. Huoni kitu! Na ndo inatisha kuliko filamu yoyote ya mabomu, kwa sababu kilichokosekana ni cha kweli, hakikupangwa.

Kingine ni kamera za ulinzi za kantini ya Columbine. Picha zenyewe ziko juu pembeni ya dari, hazina sauti, watoto wanajificha chini ya meza wadogo kama sisimizi. Juu yake ameweka simu za watu waliopiga polisi siku ile, sauti zisizo na picha, mwalimu anapiga kelele watoto walale chini. Vitu viwili ambavyo havikuwahi kukaa pamoja, mashine moja ilikuwa inaona bila kusikia na nyingine inasikia bila kuona, edita kawaunganisha. Huo nao ni mkato. Ni uleule wa Heston ukitaka, kusogeza sauti ikae na picha isiyo yake. Lakini hapa kila kitu ni cha siku ileile na shule ileile, na muunganisho unakurudisha karibu na kilichotokea badala ya kukupeleka mbali nacho. Mi kipimo changu ndo hicho, kwahiyo sina ugomvi na mtu anayekata, kila mtu anakata.

Ila zile picha za kantini zina tatizo lingine, wanaoonekana wakitembea wima ni wauaji. Wengine wote wako chini ya meza. Kamera ya ulinzi haichagui lakini mwisho wake unamfuata anayetembea, na dokumentari nyingi za mauaji ya namna hii zimefanya hivyohivyo, jina la muuaji, picha yake ya darasani, daftari lake, mama yake alisema nini. Ukimaliza unamjua yeye kama ndugu yako, waliokufa unakumbuka idadi.

Keith Maitland mwaka 2016 aliigeuza hii kwenye dokumentari yake, Tower. Tukio ni la tarehe 1 Agosti 1966, mtu kapanda juu ya mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akapiga watu risasi kwa dakika 96. Maitland hamshughulikii kabisa yule wa juu. Kamera iko chini, kwenye zege, saa sita mchana ya Agosti Texas, msichana mjamzito kapigwa, mpenzi wake kaanguka pembeni kafa, na yeye hawezi kunyanyuka, zege inamuunguza mgongo. Anakuja binti mwingine anakimbia, kuna risasi, analala chini karibu naye, anaanza kumpigisha stori. Unasoma nini, unatoka wapi, ili asizimie. Hilo jambo kamera za siku ile zisingeweza kulichukua, zilikuwa mbali zimejificha. Kwahiyo walitumia rotoskopi, waigizaji vijana wanachukuliwa video, wachoraji wanachora juu yake fremu kwa fremu, ikatoka kama katuni hai.

Na hapo kuna ujanja ambao ni wa halali kabisa, unakaa na sura za vijana wa kuchorwa mpaka umewazoea, alafu ghafla anayeongea anageuka mtu halisi, mzee wa miaka sabini hivi, mvi, makunyanzi, stori ileile. Miaka 50 inapita kwenye mkato mmoja, na ndo unaelewa risasi haikuisha ile siku, hawa watu wameibeba nusu karne wengine bila kuiongelea hata majumbani kwao. Katuni ya Moore ilikuwa inakimbiza usiwaze, hii imetumika kukufikisha kamera isipofika. Kifaa ni kilekile bwana.

Ila hata Tower ina mlango wake uliofungwa, kwa kumkataa muuaji imekataa pia kuuliza zile bunduki zilitoka wapi na nani alimuuzia. Na siku hiyohiyo ya kumbukumbu ya miaka 50, tarehe 1 Agosti 2016, Texas ilianza kutumia sheria inayoruhusu wenye kibali kubeba bastola ndani ya majengo ya vyuo vikuu vya umma, pamoja na chuo hichohicho. Mtu alitoka kuangalia filamu kalia, na mbunge wake keshapitisha.

Sasa kuna nyingine, na hii ina undugu kidogo na huku kwetu. The Interrupters ya 2011, mwongozaji Steve James, Chicago. Inawafuata mwaka mzima watu wa shirika lililokuwa linaitwa CeaseFire, ambao wengi wao zamani walikuwa magengeni, leo kazi yao ni kuwahi ugomvi kabla mtu hajarudi na bastola. Aliyeanzisha ni daktari Gary Slutkin, na huyu kabla ya hapo alikaa miaka na wakimbizi Somalia akipambana na kifua kikuu na kipindupindu, na akafanya kazi ya UKIMWI Uganda. Alivyorudi kwao akaangalia ramani za mauaji Chicago akaona zimekaa kama ramani za kipindupindu, zinajikusanya, zinaambukiza. Na dawa aliyoiona ndiyo aliyoiona huku, tumia watu wa hukohuko mtaani, wanaoaminika, wamfuate mgonjwa kabla hajaambukiza mwingine. Kwahiyo mtaa wa Chicago unatibiwa kwa akili iliyonolewa Mogadishu na Kampala, na sijaona mtu huku akijisifia.

Filamu hii haina msimulizi anayekwambia uwaze nini, hakuna katuni. Kuna sehemu moja naipenda sana, kijana katoka jela, kule kinyozi alikokwenda kuiba na bunduki anarudi kuomba msamaha, kasindikizwa na mtu wa shirika. Mama mmoja aliyekuwepo siku ya wizi na watoto wake anaanza kumweleza alivyotetemeka. Kijana kasimama. Hajui mikono aiweke wapi. Kamera haikimbii, na kimya kinaingia pale, cha kweli, yule mama anatafuta neno na hakuna aliyemwomba anyamaze kwa ajili ya sauti. Ukizirudia zile sekunde 9 za Virginia baada ya kuangalia hii, zinanuka plastiki.

Lakini njia hii ya kukaa pembeni na kuangalia nayo ina upande inaokuvutia. Ukikaa mwaka mzima na hasira za vijana weusi wa mitaa michache ya Chicago, unatoka unaamini tatizo ni hasira zao. Kiwanda kilichotengeneza bastola hakimo, duka lililouza halimo, aliyeivusha kutoka jimbo lenye sheria laini hayumo. Sio kwamba wamefichwa, ni kwamba ukifuata mtu kwa kamera utaona tu anakokwenda yeye.

Na hapa ndo nafika kwenye kilichonifanya niandike yote haya. Mwaka 2021 Marekani walikufa watu 48,830 kwa risasi, na mauaji yakiwa 20,958. Waliojiua ni 26,328, zaidi ya nusu. Yale mauaji ya mashuleni na kwenye maduka makubwa ambayo dokumentari kubwa zimejengwa juu yake ni kipande kidogo sana cha hiyo hesabu. Muulize mtu yeyote hapa kijiweni bunduki za Marekani zinaua vipi, atakwambia kichaa kaingia shuleni, au masela wa magengeni, hakuna atakayekutajia mzee wa kizungu wa kijijini peke yake na bastola ya halali aliyoinunua miaka ishirini nyuma kwa ajili ya wezi. Na kundi lake, la waliojiua, ndo wengi.

Ukimuuliza mtengeneza filamu atakwambia nipige picha ya nini sasa? Hakuna kamera ya ulinzi, hakuna simu ya polisi, hakuna kesi, adui hana sura, familia haitaki kuongea, na wataalamu wenyewe wanaonya usionyeshe namna wala usielezee sana maana inaweza kumvuta mwingine. Cha kupiga picha pale ni droo ya kabati iliyofungwa, pembeni ya kitanda, mwanga wa dirishani unasogea taratibu. Ndani kuna bastola na siku nzima hakuna kinachotokea. Mi naijua hiyo shoti vizuri, ikinifikia kwenye kompyuta ningeikata sekunde ya nne.